Mikono ya Dobi Asubuhi

Mmoja wenu, simtaji jina, aliniuliza juzi akiwa ameegemea mlango wangu anapiga miayo saa tatu asubuhi: "Hivi babu, enzi zenu na nyie mlikuwa mnachoka?" Alikuwa ananitania. Nilimcheka, nikamwambia akanywe chai. Lakini alipoondoka nilikaa na swali lake, kwa sababu jibu ninalo, na sijapata kumpa mtu. Basi nimeliandika. Na wewe unayeamka umechoka kuliko ulivyolala, lisome hapo hapo kitandani, usijisumbue kuinuka.

Mie nilikuwa dobi. Simsemi huyu wa siku hizi anayebonyeza kitufe akaenda kuangalia mpira. Nilikuwa dobi wa mawe na karai na pasi ya mkaa, pale Temeke, enzi za Mwingereza, wakati Temeke ina mikorosho mingi kuliko nyumba. Tulifua nguo za makarani wa mjini, za walimu, za wenye maduka, na kanzu za wazee wetu wa msikitini. Karani wa siku zile alivaa shati jeupe, kaptula nyeupe na soksi ndefu nyeupe, akapanda baiskeli kwenye vumbi na tope. Mwingereza alipenda weupe, nasi tukala kwa kupenda kwake.

Kazi ya dobi ina saa zake. Alfajiri ni mawe: unashuka bondeni kwenye kijito na furushi kichwani, unafua wakati maji bado safi, hayajachafuliwa na wengine. Jua likipanda unaanika. Alasiri unapiga pasi. Ndivyo alivyofunzwa Fundi Salehe, bwana wetu, na ndivyo alivyotufunza. Saa kumi na moja na nusu uwe kwenye jiwe lako. Ukichelewa hakufokei. Anakutazama tu, kisha anakuambia, "Umeamka salama?" Ningeona afadhali kufokewa.

Sasa, mwili wangu. Nilipata homa kali nikiwa na miaka ishirini na kitu, nikapona, lakini sikurudi nilivyokuwa. Nikawa nalala usiku mzima na kuamka kama niliyepakua meli. Vidole havikunji. Shingo, mabega, nyonga, mpaka nyayo, kila pahali panauma, na ukinigusa panauma zaidi. Kichwani kumejaa ukungu. Unaniambia neno nalisikia, maana yake inakuja baadaye. Halafu ikifika saa tatu, saa nne, mwili unafunguka polepole. Mchana nafua, napiga pasi, nacheka na watu. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Kwa kuwa mchana nilikuwa mzima, hakuna aliyesadiki kwamba asubuhi nilikuwa mgonjwa.

Nilikwenda zahanati. Dresa akanipima homa, akanigonga goti, akaniambia sina kitu. Nikaenda kwa mganga, yeye angalau alinipa jina, akasema ni upepo, akanichanja chale ambazo nazo ziliuma asubuhi pamoja na zile nyingine zote. Jina lenyewe nimelipata nimeshastaafu, kutoka kwa mjukuu wangu aliye muuguzi: fibromaljia. Nilijaribu kulitamka mara tatu nikashindwa. Nikamwambia, mama, ugonjwa nimeuweza miaka yote hii, jina ndilo limenishinda.

Lakini wakati ule jina lililokuwepo lilikuwa moja tu, uvivu. Mwenzangu kazini alikuwa Mkude, Mluguru kutoka milima ya Morogoro, mtu wa utani usiokwisha. Nikifika jua limeshachomoza ananipokea: "Athumani, kuku wa kwenu hawawiki?" Nacheka, maana Mluguru na Mzaramo ni watani, utanunaje? Ila niwaambie kweli, yaliniuma. Mtu anaweza kuvumilia kuumwa. Kuumwa huku unaitwa mvivu ni vigumu zaidi, kwa sababu baada ya muda na wewe mwenyewe unaanza kujiuliza kama si kweli.

Kwa hiyo nikaanza ujanja. Nililifikiria hivi: kama asubuhi sina mikono, basi nguo zijifue zenyewe usiku. Nikawa naroweka nguo zote jioni kwenye pipa, maji ya sabuni na magadi kidogo, ili alfajiri nikute uchafu umeshalegea na kazi iwe ya kusuuza tu. Kuroweka si kosa. Hata leo nawaambia, nguo iliyorowekwa vizuri haihitaji kupigwa kama mwizi. Kosa ni kuroweka kwa kichwa chenye ukungu. Jioni moja nilikuwa nimechoka, nikatumbukiza kila kilichokuwa mbele yangu. Katika vilivyokuwa mbele yangu ilikuwemo kanga mpya nyekundu, haijapata kuona maji tangu itoke dukani, na kanzu ya bwana harusi.

Asubuhi niliichomoa ile kanzu imeingia wekundu, rangi ya kucha. Nikaisuuza nikidhani macho yangu ndiyo yenye usingizi. Mkude alikuja akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Harusi ilikuwa keshokutwa.

Fundi Salehe aliichukua mwenyewe. Aliichemsha kwa sabuni na magadi, akaikamulia malimau, akaitandaza juani kwenye majani mabichi, ikikauka anainyunyizia maji, ikikauka tena anainyunyizia, siku mbili. Hilo nalo mlishike, jua na majani mabichi huondoa rangi ambayo sabuni imeshindwa. Ikatoka nyeupe, ila ukiiweka karibu na nyeupe nyingine uliona bado ina haya kidogo. Bwana harusi hakutambua, alikuwa na yake ya kufikiria. Mjomba wake alitambua. Alikuja uani akasema maneno mbele za watu, na Fundi akayapokea yote ameinamisha kichwa, mtu mzima wa umri wake. Mjomba alipoondoka, Fundi akaniambia bila kunitazama, "Athumani, ukitoka leo usirudi."

Nilikaa nje ya ua nikiwa sina pa kwenda. Kazi nyingine nisingeipata. Bandarini wanaita watu alfajiri, kwenye mashamba ya mkonge alfajiri, kwenye ujenzi alfajiri. Nchi nzima ilikuwa inaanza kazi katika saa ambazo mie sikuwa na mwili. Kama udobi, ambao angalau nilikuwa nimeshaujua, umenishinda, basi nitarudi kijijini Kisarawe kuwa mzigo kwa mama yangu. Hilo ndilo lililonikalia moyoni.

Aliyetoka kunitazama ni Bi Mwanahawa, mkewe Fundi. Ndiye aliyekuwa akitengeneza wanga wa muhogo wa kutia kwenye kola, mama mfupi, mchache wa maneno. Alikaa kwenye kinu akaniuliza swali ambalo dresa hakuniuliza wala mganga.

"Ukiamka, wapi panakuuma?"

"Afadhali uniulize wapi hapaumi, mama."

"Na ukilala sana, panapungua?"

"Hapana. Naamka vilevile."

Akatikisa kichwa polepole. "Dada yangu mkubwa alikuwa hivyo hivyo. Wakamwita goigoi mpaka mumewe akamrudisha kwetu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Sie tuliolala naye chumba kimoja ndio tuliojua."

Nilimwuliza dada yake alipona vipi. Akasema hakupona. Alijifunza. Kisha akanieleza yale niliyoyafuata maisha yangu yote. Usiamke ukasimama. Amka ulale hapo hapo, uchezeshe vidole vya miguu kwanza, halafu vya mikono, halafu mabega, kama unayejinyoosha bila haraka. Pasha chumvi ya mawe kwenye chungu, ifunge kwenye kitambaa, jikande shingo na vifundo vya mikono. Kunywa uji wa moto ukikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, maana kikombe nacho ni dawa. Kila utakachokihitaji asubuhi kiweke jioni mahali ambapo mkono utafika bila kuinama. "Na siku ukijisikia mzima," akasema, "hiyo ndiyo siku ya kujiogopa."

La mwisho hilo sikulielewa. Mtafahamu kwa nini nasema.

Alikwenda kunisemea kwa mumewe. Sijui walizungumza nini ndani. Fundi alitoka akasema, "Ramadhani inaingia wiki ijayo. Nitakutazama mwezi huu mmoja. Idi ikifika hujaniangusha, utabaki. Ukiniangusha, Bi Mwanahawa hatakuwa na la kusema." Ramadhani kwa dobi ndiyo msimu. Kila kanzu iliyolala sandukuni mwaka mzima inatoka, na kila mwenye nayo anataka aingie nayo msikitini siku ya Idi ikiwa nyeupe na imesimama kwa wanga.

Na hapo ndipo nilipogundua jambo. Katika mwezi ule kazi huanza saa moja, kwa sababu ya daku. Unaamka saa kumi, unakula, unaswali, unakaa. Siku ya tano au ya sita nilishuka bondeni saa moja, nikashika shati la kwanza, nikalikamua. Nikalitazama lile shati. Vidole vilikuwa vimefunga vyema. Nilisimama kwenye maji nikihesabu, tangu saa kumi hadi saa moja ni saa tatu, na katika hizo nilikuwa nimeamka lakini sikufanya kazi. Maradhi hayakuondoka. Yalikuwa yamepewa nafasi yao mapema, yakanipisha.

Vijana, mie siwaambii muwe mnaamka saa kumi. Nawaambia kwamba kuamka ni kitu kimoja na kuanza kazi ni kingine, na kuna miili ambayo baina ya hivyo viwili inataka ukumbi mpana. Wengine ukumbi wao ni hatua moja. Wa kwangu ni saa tatu na zaidi. Baadaye nilipofungua banda langu mwenyewe Kinondoni nilizipanga siku zangu hivyo, nikageuza na kazi yenyewe: jioni nanyunyizia nguo zilizokauka nazikunja na kuzifunika, asubuhi naanza na pasi nikiwa nimekaa, joto la mkaa wa vifuu linanikanda mikono, na kufua kunangoja saa nne jua likishapasha maji. Madobi wenzangu walisema nafanya kazi kinyumenyume. Makarani hawakulalamika, maana shati lilitoka kwenye pasi likaenda ofisini bado lina joto.

Lakini mwaka ule wa majaribio banda lilikuwa la Fundi Salehe, na Idi ilikuwa inakaribia.

Siku ya ishirini na nane niliamka mzima. Siwezi kuwaeleza furaha yake. Shingo iligeuka kushoto na kulia bila kunisema. Nikashuka bondeni nikafua furushi langu, nikafua na la Mkude. Nikakamua mashuka mawili mawili. Nikachota maji, nikapasua kuni, nikaanika, nikaanua, nikapiga pasi mpaka jua linazama. Nilitaka Fundi aone. Alipita akasimama nyuma yangu muda mrefu, halafu akafungua mshipi wake akatoa ufunguo wa stoo ya nguo safi, akaniwekea mezani.

"Kaa nao wewe," akasema. "Asubuhi uwe unafungua."

Ufunguo ule hata Mkude hakuwahi kupewa. Niliufunga kwenye pembe ya shuka langu nikaenda nyumbani kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Bi Mwanahawa alinitazama nikipita. Hakunipongeza. Alisema, "Athumani, mwanangu, umefanya kazi ya watu wawili. Kesho mmoja wao atakuja kudai."

Ishirini na tisa niliisukuma siku kwa meno. Magharibi mwezi ukaonekana. Watu wakapeana mikono njiani, wanawake wakapiga vigelegele, na mie nikahesabu kanzu kumi na moja zilizokuwa hazijapigwa pasi. Nikakubaliana na Fundi nije alfajiri mapema, nifungue stoo, niwashe mkaa, nizimalize kabla ya watu kwenda kuswali Idi. Nikasema inshallah. Nilikuwa nasema huku mkono wa kulia umeanza kufa ganzi.

Niliamka saa kumi. Nilijaribu kuchezesha vidole vya miguu kama nilivyofunzwa, havikucheza. Nilijikanda kwa chumvi. Nilingoja. Adhana ya alfajiri ikapita. Nilifaulu kukaa kwenye ukingo wa kitanda na kuingiza mikono kwenye shati, na hilo tu lilichukua muda ambao mwenzangu angemaliza kanzu mbili. Kisha nikashika kifungo. Kifungo cha shati, jamani, kitu ambacho nilikuwa nimekifunga na kukifungua mara elfu katika kazi yangu. Vidole vilikishika, vikakiachia. Vikashika tena. Nje nikasikia watoto wameanza kupita na nguo mpya. Ufunguo ulikuwa mezani. Kanzu kumi na moja zilikuwa nyuma ya mlango ambao ufunguo wake ninao mimi, na wenye kanzu walikuwa wanaamka. Nikalia. Sioni haya kusema nililia, na si kwa maumivu.

"Hodi," sauti ya Fundi ikasema mlangoni. Hata akiwa na hasira alikuwa mtu wa hodi tatu. "Hodi, Athumani. Hodi."

"Karibu, Fundi."

Aliingia na mdomo umeshafunguka kusema alichokuja nacho njia nzima. Akaniona. Akautazama ufunguo pale mezani, akatazama chumvi kwenye kitambaa, kikombe cha uji kilichopoa, shati lililo wazi, mikono yangu imelala mapajani. Akaufumba.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi?"

"Nimeamka saa kumi, Fundi. Nimejitahidi."

Alichuchumaa mbele yangu, mzee wa magoti mabovu, akanifunga shati. Akafunga kifungo cha juu, kisha cha katikati, kisha cha chini, kama tunavyofunga shati kabla ya kulikunja, halafu akarudi kufunga vilivyoruka. Alikuwa na mikono ya dobi, ngozi imechunika kwa magadi, lakini alinifunga taratibu sana bila kunigusa shingo. Sikujua nitazame wapi.

"Miaka miwili," akasema, bado macho kwenye vifungo, "nimekuwa nikikuona unapofika. Sijapata kuona unakotoka."

Nikamwambia achukue ufunguo aende, watu wanangoja, mie nitakusanya vitu vyangu nirudi Kisarawe. Akautia ufunguo mfukoni mwangu. Akaniinua kwa kunishika kwapani, akanitoa nje, akanipakia nyuma ya baiskeli yake ya kupelekea nguo, akaisukuma huku anatembea mpaka uani, kwa sababu kuipanda na mie nyuma asingeweza.

Uani walikuwa wamejaa. Wazee wa watu wamevaa fulana na misuli, wamesimama asubuhi ya Idi hawana kanzu. Bi Mwanahawa alikuwa ameshawasha mkaa. Nikafungua stoo, Fundi akinisaidia kuuzungusha ufunguo, kisha akageuza kreti, akanikalisha mbele ya meza, akanishikisha mpini wa pasi ya moto kwa mikono yote miwili, akaweka na yake juu ya yangu mpaka joto likaanza kuingia. Kanzu ya kwanza tuliipiga hivyo, mikono minne. Ya tatu nilikuwa naipiga mwenyewe, polepole.

Mbele kabisa ya umati alikuwa yule mjomba wa bwana harusi. Alinitazama, akamgeukia Fundi. "Salehe, watu wanakwenda kukosa swala. Huyu mvivu wako leo tena kachelewa?"

Fundi Salehe alikuwa anaikunja kanzu. Aliimaliza, akailainisha kola kwa kiganja, akampa.

"Fundi wangu aliamka saa kumi," akasema. "Aliyechelewa ni mie."